TAHARIRI: LORI LETU LISIPAKIE KAHAWA MPAKA BREKI ZIGAWANE SAWA

Ndugu wanachama,

Lori la chama limesimama nyuma ya ghala, juma la pili sasa. Wapo wanaosema, "Breki si zinashika? Kahawa inangoja!" Ni kweli zinashika, lakini zinashika vibaya. Tunawaomba msome habari hii yote kabla ya mkutano wa Jumamosi.

Lori hili lilitoka kiwandani na breki za ngoma mbele na nyuma. Mwaka jana tulikubaliana za mbele ziwe za diski, maana ngoma ikilowa maji au ikipata moto mteremkoni hupungua nguvu. Wazo lilikuwa zuri. Kosa letu ni kubadili kitu kimoja na kuacha vingine vilivyokwenda nacho.

Breki ya ngoma ina msaada wake: gurudumu likizunguka huivuta shuu na kuikaza zaidi. Diski haina msaada huo, hivyo hutaka mafuta ya breki yasukumwe kwa nguvu kubwa zaidi. Masta silinda yetu ya zamani inapeleka nguvu ileile mbele na nyuma. Tena dereva akikanyaga breki, uzito wa gari huhamia mbele, nyuma hubaki nyepesi. Basi lori likiwa tupu tairi za nyuma hufunga kwanza, na mkia hutaka kuupita uso. Ndivyo ilivyotokea ile siku ya mvua. Bahati hapakuwa na mtoto njiani.

Wako wanaoshauri ati tuiminye paipu ya nyuma. Jamani, tusikubali. Paipu iliyominywa huchelewesha mafuta tu. Dereva akishikilia pedeli, nguvu ya nyuma inafika palepale, na tairi zinafunga vilevile.

Kazi ya kufanya ni hii, kwa mpangilio:

1. Nyuma kwanza. Shuu zikazwe ipasavyo, na silinda za magurudumu zikaguliwe. Shuu iliyolowa mafuta inaweza kukamata ghafla hata kama mengine yote ni mazima.

2. Mbele lipigwe jeki. Breki ikanyagwe na kuachiwa, kisha gurudumu lizungushwe kwa mkono. Likiwa zito, fundi afungue kidogo skrubu ya kutolea upepo. Likilegea, kuna nguvu iliyobaki ndani ya paipu. Masta silinda nyingi za ngoma zina kivalvu cha kubakiza nguvu hiyo. Kwa ngoma kinafaa, kwa diski kinaunguza pedi.

3. Masta silinda na hidrovaki ziwe za kipimo kinachofaa diski mbele na ngoma nyuma.

4. Paipu ya nyuma iwekewe valvu ya kugawa nguvu. Kwa lori, bora ile yenye mkono ulioungwa kwenye ekseli, inayopima mzigo. Valvu ya kukazwa kwa mkono ikipimwa gari likiwa tupu, siku ya magunia nyuma itafanya kazi kidogo na mbele itaungua mteremkoni.

5. Upepo utolewe wote, mafuta ya breki yawe mapya. Oili ya injini isiguse humo, inaharibu mipira.

Halafu lijaribiwe mahali tambarare na pakavu, mwendo mdogo, bila abiria, tupu na lenye mzigo. Mbele ianze kufunga kabla ya nyuma.

Gharama ipo, hatufichi. Na kama valvu ya mzigo haipatikani, sisi tunasema wazi: zirudishwe ngoma za mbele kama kiwanda kilivyozipanga. Breki za kizamani zinazoelewana ni bora kuliko za kisasa zinazogombana. Kwa sasa tukodi gari la kupeleka kahawa Kayanga. Faida itapungua, lakini watu watarudi nyumbani.

Hatumlaumu fundi wala dereva, uamuzi ulikuwa wetu sote. Ila Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inakataza gari bovu barabarani, na milima yetu ya Karagwe haina msamaha. Na likishapona, mtu asipande juu ya magunia.

Jumamosi tufike wote, tuamue. Mali ya ushirika ni lori, lakini mtaji wake ni watu.