Farasi wa Plastiki



Wiki hii twaungama jambo ambalo majirani walikwisha kulijua kabla yenu: sataranji imetuteka uzeeni. Hatutafuti kombe wala cheo. Twacheza vibaya, twashindwa mara nyingi kuliko tunavyoshinda, na bado kila tumalizapo kuosha vyombo vya mchana jicho letu huenda juu ya kabati, ulipo ubao. Ubao wenyewe ni wa plastiki laini, hukunjwa kama mkeka. Una vyumba 64, na kete zake zilikuwa 32. Sasa ni 31 na kifuniko kimoja cha chupa ya marashi, kilichoajiriwa kuwa askari tangu mwenzake alipoangukia mferejini wakati wa kufagia. Hapigani vizuri kuliko wenzake, lakini ananukia.

Watoto wa leo huuita mchezo huu chesi. Sisi tulifunzwa kwa adhabu. Tulipokuwa tukisomesha, kikao cha walimu kiligawa vyama vya wanafunzi siku ambayo hatukuwapo; tuliporudi tukakuta tumekabidhiwa chama cha sataranji cha wasichana, nasi hatukujua hata farasi anakwendaje. Wasichana ndio waliotufunza, kwa subira ambayo sisi hatukuwa nayo tulipowafunza wao hesabu za sehemu. Siku tulipostaafu walitutunza ubao huu, pamoja na leso na seti ya vikombe. Leso imechakaa, vikombe vimebaki viwili. Ubao tuliutia kabatini, ukakaa humo miaka minne.

Aliyeutoa ni mjukuu wetu, msichana wa miaka 11, alipokuja kwetu likizo. Aliutandaza kibarazani, akapanga kete, akatuita. Nasi tulikuwa jikoni, wali umekaribia kukauka. Akamgeukia babu yake.

Hapa inatulazimu kusema kidogo habari za bwana wetu. (Tukisema "bwana wetu", msomaji asitudhanie kuwa tuna ukewenza. Ni desturi ya safu hii kusema "sisi", na kwa jambo hili desturi inatuponza.) Alikuwa karani katika ofisi moja mjini kwa miaka mingi. Alipostaafu, alipunguza maneno. Alishinda kibarazani na redio yake, na akiulizwa jambo alijibu kwa kichwa. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa na hasira na mtu. Alikwenda msikitini, akarudi, akakaa. Wanawake wenzetu tuliowauliza walisema ndivyo walivyo wanaume wakitoka kazini, muache atazoea. Tukamuacha. Ikapita miaka miwili, hakuzoea, nasi tukaanza kuzoea sisi, jambo ambalo lilitutia hofu zaidi.

"Babu, njoo tucheze."

"Mimi mtu wa bao. Hayo mambo ya Wazungu chezeni wenyewe."

Tuliacha wali, tukatoka na mwiko mkononi. Mwalimu hastaafu kwa jambo kama hili. Tukamweleza kuwa mchezo huu ulianzia Bara Hindi, ukapita Uajemi, na Waarabu wakaupokea huko katika karne ya 7. Kuwa Baghdad ya Bani Abbas ilikuwa na mabingwa waliotunga vitabu juu yake, akina al-Adli na as-Suli. Na kuwa as-Suli aliacha fumbo moja la kete chache ubaoni ambalo watu walilihangaikia kwa miaka elfu moja, hadi Mrusi mmoja, Yuri Averbakh, alipolifumbua katika miaka ya 1980. Wazungu walifunzwa na Waislamu, na ushahidi uko katika majina. Kete ambayo Waingereza huiita askofu, Waarabu waliiita al-fil, yaani tembo, na Wahispania mpaka leo huiita alfil bila kujua kuwa wanamtaja mnyama.

Bwana wetu alisikiliza. Kisha akaonyesha kwa kidole ile kete ndefu iliyo kando ya mfalme. "Na huyu malkia, Waarabu walimtoa wapi?"

Tukamwambia kuwa hakuwa malkia. Alikuwa waziri, firzan, na alikuwa mnyonge kabisa: hatua moja kwa mshazari, basi. Ni mwishoni mwa karne ya 15, huko Ulaya, alipokwisha kugeuzwa malkia, ndipo alipopewa ruhusa ya kwenda atakako na kadiri atakavyo.

Akafikiri. "Yaani walipomfanya mwanamke ndipo akapata nguvu."

Akavuta kiti. Wali uliungua chini siku hiyo, tukala ukoko, na hatukumsikia mtu akilalamika.

Tangu hapo twacheza karibu kila siku, baada ya adhuhuri, mjukuu akiwapo na asipokuwapo. Bwana wetu hucheza kama mtu wa bao: anahesabu kete alizokula, anafurahia mavuno, halafu anagundua kuwa mfalme wake amefungwa pembeni na hana njia. Sisi hucheza kwa pupa. Tuna mapenzi na farasi, kwa kuwa ndiye pekee anayeruka vichwa vya watu, na mapenzi hayo yametugharimu michezo isiyo na idadi. Mjukuu hutushinda sote wawili, na akitushinda hutufariji: "Nyanya, leo umechelewa kufungwa." Wapo wanaotupongeza kuwa twanoa akili tusije tukasahau mambo uzeeni. Twawashukuru kwa dhana njema. Ukweli ni kuwa twacheza kwa sababu twafurahi, na miaka yote ya kazi hatukuwahi kufanya jambo la saa nzima lisilo na faida ya mtu yeyote.

Lakini kuna lililotokea ubaoni ambalo hatukulitazamia. Mtu anayengoja mwenzake afikiri hana la kufanya kwa mdomo wake, na maneno hutoka. Siku moja, akiwa ameshika tembo wake hewani bila kujua amuweke wapi, bwana wetu alisema, bila ya kutuangalia, kuwa mwaka wake wa mwisho kazini alikuwa amehamishiwa kwenye meza isiyo na kazi. Hakuna faili iliyomfikia. Alifika asubuhi, akakaa, akala chakula chake, akarudi. Mwaka mzima.

Chakula hicho tulikuwa tukimfungia sisi, kila asubuhi, mahamri na mbaazi au muhogo, tukimuombea Mungu amfanyie wepesi kazi yake. Hatukujua kuwa hana kazi. Tulitaka kusema neno, tukaona heri tusiseme. Akamuweka tembo. Aliweka pabaya, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu ya sataranji tuliona nafasi ya kula tukaiacha.

Jirani mmoja, anayetupenda, alipita akatukuta kibarazani. "Mwanamke mzima na ushungi wake anasukuma farasi wa plastiki!" Kwa yeye na kwa wengine wenye fikra hiyo, tunayo habari ya Fatima. Katika miaka ya baina ya vita viwili vya dunia, mkubwa mmoja wa Punjab, Sir Umar Hayat Khan, alikuwa na mtumishi aliyeitwa Mir Sultan Khan, ambaye alilelewa katika sataranji ya Kihindi, yenye kanuni zisizolingana na za Ulaya. Alimchukua Uingereza. Huko Sultan Khan akawa bingwa wa nchi ile mara tatu, 1929, 1932 na 1933, na akamshinda Capablanca, aliyekuwa bingwa wa dunia kabla ya hapo. Shirikisho la dunia limempa cheo cha heshima cha ubingwa mkuu mwaka 2024, naye alifariki 1966. Habari yake wengi wanaijua. Wasiyoijua ni kuwa katika nyumba hiyohiyo alikuwamo mtumishi wa kike, Fatima, na mwaka 1933, huko Hastings, Fatima naye alitwaa ubingwa wa wanawake wa Uingereza. Mtumishi, Muislamu, mgeni, katika nchi ya baridi. Mjukuu wetu alipoisikia habari hii alinyamaza, kisha akauliza kama Fatima alikuwa na mtoto wa kucheza naye. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Sasa tufike penye uzito, kwani tunajua kuna wasomaji wanaosoma safu hii huku wamekunja uso, na wana haki yao.

Alasiri moja tulikuwa tunakaribia kumshinda mjukuu. Tulikuwa na farasi mahali pazuri, hatua mbili tu na mfalme wake amekwisha. Ikaadhiniwa. Mtoto akachukua simu, akaupiga picha ubao ili tusije tukabishana, akaenda kutia udhu. Nasi tukatia. Tulisimama, tukafunga sala, na katika rakaa ya tatu tukajikuta twahesabu: farasi akiruka hapa, mfalme atakimbilia kule. Tulitoa salamu huku hatujui kwa yakini kama ni rakaa nne au tatu. Tukaongeza rakaa, tukasujudu sijda ya kusahau, na tukarudi barazani na moyo mzito. Mchezo tulishindwa, na hatukusikitika.

Siku ya darsa tulimfuata ustadha wetu pembeni, tukamweleza yote. Hakutukemea. Alitukumbusha kuwa maulamaa wamehitilafiana juu ya sataranji: madhehebu mengine yana kauli kali ya kuikataza, na katika madhehebu yetu ya Shafii kauli mashuhuri ni kuwa ni makuruhu, wala si haramu, maadamu hakuna kamari, ulimi umesalimika, na sala haipotezwi wakati wake. Akatutajia Said bin Jubayr, mwanachuoni wa zama za tabiina, ambaye imepokewa kuwa aliicheza akiwa ameupa ubao mgongo. Na kuwa hitilafu hii haikwisha zamani: mwaka 2016 mufti mkuu wa Saudia alisema mchezo huu ni haramu, na mwishoni mwa 2017 Riyadh ikawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya sataranji ya haraka. Makuruhu, alisema, ni jambo ambalo kuliacha kuna thawabu. Asitudanganye mtu kuwa ni ibada.

Tukamuuliza kama basi tuuache.

Naye akatuuliza: "Siku unapopika biriani ya wageni, chungu hakiji salani?"

Tukakiri kuwa huja, tena na mfuniko wake.

"Na chungu umekiacha?"

Alicheka, nasi tukacheka, lakini hakutuachia hapo. Alituambia tusiupeleke mchezo hadi mlangoni mwa sala. Tuufunge mapema, moyo upate kutulia, na tukiona bado unatufuata basi tujue ni nani aliyefungwa. Kisha, tukiwa twavaa viatu, akauliza bwana wetu hajambo, maana mumewe alimwambia kuwa siku hizi hubaki kidogo msikitini baada ya sala, akizungumza na wenziwe. Hatukuwa na habari hiyo. Tulirudi nyumbani kwa miguu, njia yote twaifikiri.

Basi tumeweka sheria. Nusu saa kabla ya kila adhana kete zinarudi mfukoni, na hata kama mfalme yuko hoi hapigwi picha: mchezo umevunjika, tutaanza mwingine. Mjukuu aliona ni dhuluma, hasa siku ambazo alikuwa anashinda, yaani siku zote. Bwana wetu aliikubali mara moja, kwa kuwa mara nyingi imemuokoa.

Likizo imekwisha na mtoto amerudi kwa wazazi wake. Michezo ya naye sasa twacheza kwa simu: yeye ana ubao wake, sisi wetu, na kila upande hutuma hatua moja kwa siku. Upande wetu ni mimi na babu yake pamoja, jambo ambalo limezua mabishano mapya, kwani yeye hataki kupoteza hata kete moja na sisi hatutaki kumgusa mtu mwingine ila farasi. Juzi usiku mtoto alituletea hatua ngumu. Tuliitazama hadi tukachoka, hatukupatana, tukalala.

Tulipoamka kabla ya alfajiri, upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu, na viatu vya mlangoni havipo. Alikwisha kutangulia msikitini. Tulipopita kibarazani kuchukua maji ya udhu, tuliona kifuniko cha marashi kimesogea chumba kimoja mbele. Ni hatua nzuri, na sisi hatukuiona. Ni dhahiri pia kwamba haikuchezwa nusu saa kabla ya adhana. Twamuomba ustadha, akifika hapa, aruke mstari huu. Hatua tumeituma.