Ndoa Ndani ya Tumbo la Mbu

Juma hili twawaeleza akina mama na akina baba wa Gitega na Muyinga jambo lisiloonekana kwa macho, nalo lagusa kila nyumba: hesabu ya kromosomu za kimelea cha malaria.

Kromosomu ni nyuzi ndogo mno zibebazo urithi wa kiumbe. Chembe nyingi za mwili wetu zina 46, nusu za baba na nusu za mama. Kimelea cha malaria kali ni chembe moja tu. Katika ini na damu yetu huishi na kromosomu 14, zisizo na jozi. Huko huzaana bila ndoa, na watoto hufanana na mzazi.

Hata hivyo, baadhi ya vimelea hugeuka kuwa vya kiume na vya kike, vikamngoja mbu. Anywapo damu hiyo, hukutana tumboni mwake: 14 na 14 zikawa 28. Hali hiyo haidumu. Kwa muda wa siku moja hivi hesabu hurudi 14. Penye joto la kutosha, majuma mawili hayapiti kabla kizazi kipya hakijafika katika mate ya mbu; penye baridi, kama vilima vya Gitega, huchelewa.

Hatari i wapi? Kabla ya kugawanyika, kromosomu hubadilishana vipande. Kimelea kimoja chaweza kuwa sugu kwa dawa hii, cha pili kwa dawa ile, na mtoto akarithi usugu wote. Usugu wa klorokwini, dawa ambayo Burundi iliiacha mwaka 2003, hukaa katika kromosomu ya 7. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kuwa badiliko katika kromosomu ya 13, lidhoofishalo artemisinini, limeonekana kwa jirani zetu wa Rwanda.

Basi, ndoa hiyo tuivunje. Mgonjwa apimwe, amalize dawa hata homa ikipoa. Tena, aliyepona asiache chandarua: vimelea vya kiume na vya kike vyaweza kubaki damuni majuma kadhaa, naye hajisikii kuumwa. Chandarua kichomekwe chini ya godoro, na kikitoboka kishonwe jioni ile ile. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.