Mizani husikika mdomoni

Kila nisahihishapo karatasi za moko za kidato cha nne, jibu hili halikosi: "Shairi lina mizani 16 kwa sababu ni tarbia." Mwanafunzi kakariri daftari lake barabara, lakini shairi lenyewe hajalisikia. Tarbia inahesabu mishororo: minne kwa kila ubeti, basi. Hizo mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, ni mazoea ya watunzi. Al-Inkishafi nayo ina mishororo minne kwa ubeti, lakini kila mmoja una mizani 10. Utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, una nane tu.

Watoto siwalaumu. Ni sisi walimu tunaojaza ubao mtiririko, ukara, ukaraguni, mloto, mleo, kama majina ya mifupa, na kengele inalia kabla ubeti hata mmoja haujaghanwa. Mizani hazionekani kwa macho. Andika mbuzi na mbuyu: herufi tano tano, tena zinaanza sawasawa. Mbuzi ana mizani mbili, mbu-zi. Mbuyu una tatu, m-bu-yu, maana ile m inasimama peke yake. Mtoto wa darasa la pili akitamka anasikia. Anayehesabu kwa kalamu ataapa kuwa mtunzi kakosea.

Vina vivyo hivyo. Wengi hudhani -ma na -na zimelingana, eti zote zinaishia na a. Katika lugha ambayo karibu kila neno huishia irabu, kina cha namna hiyo kingekuwa cha bwerere. Ndiyo maana watunzi wakadai silabi nzima.

Kibwagizo mimi hukifundisha kwa kuligawa darasa: mmoja anaghani mishororo mitatu, wenzake wanaupokea wa nne. Maana yake haniulizi mtu. (Mwalimu wa chumba cha pili hulalamikia kelele; haki yake.)

Amri Abedi, mwaka 1954, alitia sheria za kutunga na diwani yake katika jalada moja. Sisi tumebaki na sheria. Napendekeza sehemu ya alama za ushairi itolewe kwa kughani, mwanafunzi asimame mbele ya msahihishaji na ubeti wake. Kwa mtihani wa taifa itakuwa ghali, nakubali. Lakini mitihani ya muhula tunaitunga wenyewe, na muhula ujao mimi naanza.