Saratani ya damu: Tusingoje mgonjwa avuje damu

MSOMAJI, ukisikia mtu ana saratani ya damu huenda ukadhani kuwa ataugua kwa miezi mingi kabla ya maisha yake kuwa hatarini. Sivyo daima. Iko aina moja ya lukemia kali, iitwayo promielositiki, ambayo huweza kumwua mgonjwa kwa siku chache tu. Mara nyingi kinachomwua ni kuvuja damu, hasa ndani ya ubongo.

Damu yetu ina chembe sahani, ambazo huziba jeraha, na protini ya fibrinojeni ambayo hufuma utando juu yake. Mtu mwenye afya huwa na chembe sahani 150,000 hadi 400,000 katika kila mikrolita ya damu. Katika ugonjwa huu, seli za saratani humwaga kemikali zinazoifanya damu igande ovyo ndani ya mishipa midogo. Chembe sahani na fibrinojeni hutumika zikaisha. Damu inapohitajika kuganda kwa kweli, haina tena cha kugandishia.

Tiba basi ni mambo mawili yaendayo pamoja. Mgonjwa huongezewa fibrinojeni na chembe sahani, ili hizi zisishuke chini ya 30,000 hadi 50,000. Papo hapo humeza tembe za ATRA, dawa ya jamii ya vitamini A. Mwaka wa 1988 madaktari wa Shanghai, akiwemo Wang Zhen-yi, walieleza jinsi dawa hii inavyozifanya seli za saratani zikomae. Uvujaji hupungua kwa siku chache. Leo, ikitumiwa pamoja na aseniki, wengi wa wagonjwa wanaovuka siku hizo za kwanza hupona kabisa.

Wataalamu hushauri ATRA ianzwe mara tu daktari anaposhuku ugonjwa huu, bila kungoja majibu ya vinasaba. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2015. Kwa maoni yangu, kila hospitali kuu ya rufaa yapasa kuwa nayo kabatini. Dawa inayoanza kutafutwa baada ya mgonjwa kulazwa huenda ikamkosa.

Nawe una wajibu. Ukiona ufizi unatoka damu, madoa mekundu ngozini au michubuko isiyo na sababu, hasa pamoja na homa na uchovu, usikimbilie kununua dawa za malaria. Aspirini usiiguse, kwani huzidisha kuvuja. Nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya chembe sahani huharibika baada ya siku tano hadi saba. Kwa hivyo haitoshi kutoa damu mara moja, jamaa yako anapolazwa. Toa kila unaporuhusiwa. Mgonjwa wa kesho hawezi kungoja ukoo wake ukusanyike.