Kiti cha Mzungu Antiki, Kiti cha Babu Kuni

Mwaka juzi nilialikwa chakula cha jioni kwenye nyumba moja mpya hapa Chato. Sebuleni kulikuwa na viti viwili vya mti mwekundu, egemeo limetobolewa kama utepe uliofungwa fundo, miguu ya mbele imepinda na kuishia kwenye kucha zilizoshika mpira. Mwenyeji aliniona navikodolea macho, akacheka.

"Kaa tu mdogo wangu, ila taratibu. Hiyo antiki hiyo. Chippendale, ya Mwingereza."

Nikakaa. Katikati ya chakula kijiko kikanidondoka, nikainama kukiokota, na chini ya kiti nikaona skrubu zenye kichwa cha nyota zinang'aa kama zimenunuliwa jana. Skrubu za namna hiyo ni za karne ya 20. Chippendale alifariki 1779. Nikaokota kijiko changu, nikanyamaza.

Sina ugomvi na mwenyeji wangu. Pesa ni yake, na wali wake ulikuwa mtamu. Ugomvi wangu ni na sisi tunaosoma na kuandika, tunaojiita watu wa fasihi. Hoja yangu ni hii: kiti hakiwi cha thamani kwa sababu ya mti wake wala umri wake. Kinakuwa cha thamani kwa sababu kuna mtu alikaa chini akakiandika. Hapo ndipo sisi tumeshindwa, tena tumeshindwa vibaya.

Tuanze na Waingereza wenyewe. Zama wanazoziita za George ni za wafalme wanne wa jina hilo waliofuatana, kuanzia 1714 hadi 1830. London ya wakati huo ilikuwa na mafundi seremala wengi mno, na wengi wao walikuwa na mikono mizuri. Leo dunia inataja watatu: Thomas Chippendale, George Hepplewhite na Thomas Sheraton. Kwa nini hao?

Chippendale alikuwa mtoto wa seremala kutoka Otley, kule Yorkshire. Mwaka 1754 alichapisha kitabu cha michoro 160 ya samani, akakiuza kwa mabwana wakubwa na kwa mafundi wenzake. Wengine walikuwa na karakana kubwa tu, lakini hawakuwa na kitabu. Hepplewhite anashangaza zaidi. Alifariki 1786, mjane wake Alice akakitoa kitabu chake 1788. Na hakuna kiti hata kimoja duniani ambacho mtaalamu anaweza kuapa kwamba kilitoka mikononi mwa Hepplewhite. Hata kimoja! Sheraton naye ni vilevile: alichora, akaandika, akafa maskini 1806, na kazi ya mikono yake haijulikani ilipo. Lakini mtu akisema "kiti cha Hepplewhite" au "meza ya Sheraton," mnunuzi anafungua pochi.

Umeona, msomaji? Majina mawili kati ya matatu yanasimama juu ya karatasi tupu. Desemba 2010, kabati moja la droo linalohusishwa na Chippendale liliuzwa na Sotheby's mjini London kwa zaidi ya paundi milioni 3.7. Mti ni mti. Kilichonunuliwa pale ni mti pamoja na maandishi ya miaka mia mbili na hamsini yaliyoushika mkono: kitabu cha fundi, risiti, barua za wateja, katalogi za mnada, vitabu vya wanahistoria.

Sasa twende kwetu. Babu yangu alikuwa na isumbi, kigoda cha miguu mitatu kilichochongwa kwa tezo kutoka gogo moja, hakina msumari wala gundi. Kikalio kilikuwa kimebonyea katikati na kung'aa kwa kukaliwa. Alikirithi, hakukinunua. Akiwa amekikalia, hata baba yangu, mtu mzima mwenye watoto wake, alikuwa anachuchumaa kwanza ndipo anasalimia.

Babu alipofariki, wakubwa walikaa kugawana. Baiskeli iligombewa. Redio iligombewa. Shamba ndiyo usiseme, hadi leo halijaisha. Isumbi haikuwa na mtu. Mguu mmoja ulikuwa na ufa. Siku ya arobaini kuni zilipungua jikoni, kijana mmoja akaipiga shoka mara mbili, ikaingia chini ya sufuria la ubwabwa. Mimi nilikuwepo. Nina shahada, nina simu yenye kamera, na nilishaandika makala kadhaa kuhusu "utamaduni wetu." Nikatazama, nikanyamaza, kama nilivyokuja kunyamaza mbele ya zile skrubu za nyota.

Kwa hiyo naposema "sisi," najihesabu wa kwanza.

Kuna watakaonijibu kwamba viti vya enzi vilikuwa mali ya watemi, na utawala wao ulifutwa kisheria mwaka 1963, hivyo tusililie alama za unyonyaji. Sawa. Basi tuulize na hicho cha Mwingereza kilitoka wapi. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza lilifuta ushuru wa mbao kutoka makoloni yake ya Amerika, mahogani ya Jamaica ikaanza kumiminika London. Mahogani ile, ndugu wa mkangazi wetu, ilikatwa na watumwa wa asili ya Afrika. Kazi kubwa kuliko zote aliyopewa Chippendale ilikuwa Harewood House, nyumba ya Edwin Lascelles, ambaye utajiri wa familia yake ulitokana na sukari na watumwa wa visiwa vya Karibi. Waingereza hawakuchoma viti vile. Wamevitunza, na leo Harewood yenyewe inawaeleza wageni wake pesa ilitoka wapi. Kiti kikiwepo, ubishi unawezekana. Kikishakuwa majivu, mtabishana juu ya nini?

Wengine watasema mchwa wetu hawana huruma, vitu vya mti havidumu huku. Nendeni Zanzibar mkaangalie milango. Nendeni Lamu mkatazame viti vya enzi vilivyonakshiwa kwa mifupa. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inataja waziwazi milango ya kuchonga iliyotengenezwa kabla ya 1940 kuwa ni ya kulindwa. Pwani walipata bahati: wasafiri waliandika, wapiga picha walipiga, wasomi wakafuata nyuma. Mti wa bara haukuwa dhaifu kuliko wa pwani. Ulikosa mwandishi.

Na pale ulipopata mtu wa kuuthamini, mara nyingi hakuwa sisi. Kiti kirefu cha enzi cha Wanyamwezi, chenye umbo la mtu lililochongwa mgongoni mwake, kipo Berlin, kimechukuliwa enzi za Mjerumani. Kimepigwa picha, kimepewa namba, kimeingia kwenye vitabu vya sanaa ya Afrika. Mtoto wa Tabora akitaka kukiona, aanze na viza. Hapa kwenye kanda yetu tunalo jumba la makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Kisesa, ambako banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Jengo zima ni kiti! Niambie, ni riwaya gani ya Kiswahili umesoma ambayo mhusika wake aliingia mle?

Hapo ndipo nawageukia waandishi wenzangu. Mara ngapi tumesoma sentensi ya aina hii: aliingia kwenye sebule iliyosheheni makochi ya kifahari? Makochi gani? Ya mti gani? Nani aliyapiga randa, na deni lake limelipwa? Mhusika maskini naye "alikaa kwenye kigoda," basi, kama vile vigoda vyote vimezaliwa na mama mmoja. Tuna maneno: tezo, patasi, keekee, randa, msasa, mninga, mpingo, mkongo. Tumeyaacha karakana, tukabaki na "kifahari."

Ng'ambo ya maji yetu haya haya, Ukerewe, aliishi Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Wapo wanaolalamika kwamba kitabu kile kinachosha, eti kila chombo kinaelezwa, kila kazi inafuatwa hatua kwa hatua. Mimi nasema kuchosha huko ndiko tunakokuhitaji. Kitereza alijua kwamba vitu vile vinaondoka, akaamua kuviandika vingali mkononi. Tumempa sifa, tumemwandikia tasnifu, halafu hakuna aliyeiga mkono wake.

Simwombi mtu aandike kitabu cha miundo ya viti. Naomba mambo madogo tu. Ukiandika hadithi, taja kiti kilivyo na aliyekitengeneza. Ukiandika habari za msiba, uliza kilichogawiwa na kilichotupwa. Na ukipita Buseresere au Katoro ukawakuta mafundi kando ya barabara wanapiga vitanda vya sita kwa sita, simama, uliza jina, uliza alifundishwa na nani, andika.

Mimi nimeanza. Mwezi uliopita nilikaa na fundi mmoja mzee, nikamweleza isumbi ya babu ilivyokuwa: miguu mitatu, imepanuka kwa nje, kikalio cha mviringo.

Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaweka randa chini.

"Mwanangu, hiyo nakuchongea hata kesho. Lakini ya babu yako alichonga nani?"

Sikuwa na jibu. Babu ningeweza kumuuliza siku yoyote kwa zaidi ya miaka ishirini, nilikuwa nakaa naye jioni, miguuni pake, isumbi ikiwa usawa wa macho yangu. Nilimuuliza mambo mengi. Hilo sikumuuliza.