Kikulacho ki Sahanini Mwako

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Leo naomba ruhusa yao niongeze kidogo: wakati mwingine kikulacho ki sahanini mwako. Msomaji mpendwa, usidhani nafanya mzaha. Nauzungumzia ugonjwa uitwao siliaki, ambao uliingia kwetu bila kupiga hodi na kukaa miaka mitatu kabla hatujalijua jina lake.

Mdogo wangu sasa ana miaka 11. Alipokuwa na miaka 7 alianza kukonda, tumbo likimjaa kama ngoma, akiharisha na kusinzia darasani. Majirani hawakukosa la kusema. Huyu alisema ni minyoo, yule akasema mtoto ametupiwa jicho baya. Zahanati ilimpa dawa ya minyoo, kisha vidonge vya kuongeza damu, kisha dawa ya minyoo tena. Nami dada yake, badala ya kumhurumia, nilimcheka. Krismasi moja alikataa chapati, nikamwambia, "Wee, acha maringo! Nani hukataa chapo?" Akala mbili ili aninyamazishe. Usiku huo hakulala, na mama naye hakulala. Sijasahau hadi leo.

Hatimaye daktari mmoja wa watoto aliagiza damu yake ipimwe, kisha kipande kidogo cha utumbo kikachunguzwe. Jibu likaja: siliaki.

Je, siliaki ni nini? Ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai zina protini inayoitwa gluteni. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba wake mwenyewe. Vile vijinyweleo vinavyofyonza chakula, tunavyovisoma katika somo la Baiolojia, huharibika. Kwa hivyo mtu hula akashiba, lakini mwili ukalala njaa. Damu hupungua, nguvu huisha, na mtoto hudumaa. Wengine hata hawaharishi, ni uchovu tu usiokwisha. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si uchawi. Huelekea kufuata ukoo, ndiyo sababu hata mimi nilipimwa, nikakutwa sina. Dawa ya kuuponya haipo. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Aliyetufumbua macho ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa ameishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 njaa kali iliikumba nchi yake na mkate ukaadimika, na baada ya vita ukarudi mezani. Mwaka wa 1950 alitoa tasnifu yake iliyoonyesha kwamba watoto hawa hupata nafuu ngano ikiondolewa, na huzidiwa ikirudishwa.

Najua kuna mtakaosema, "Ah, huo ni ugonjwa wa Wazungu!" La hasha! Duniani hukadiriwa kuwa mtu 1 katika kila 100 anao, na wengi wao hawajui. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1999 kuhusu watoto wa Sahara Magharibi, Waafrika kama sisi, uliwakuta nao zaidi ya 5 katika kila 100. Ugonjwa haubagui rangi. Tatizo ni kwamba usipotafutwa hauonekani.

Sasa nisemee shule yetu. Saa nne tunapotoka kwa mapumziko, kantini ina nini? Mandazi, mkate, chapati. Sisi wa kutwa tulioamka alfajiri tunakimbilia hapo hapo. Asiyekula hivyo akae njaa hadi githeri ya mchana? Maoni yangu ni kwamba viazi vitamu, mihogo na mahindi ya kuchemsha viuzwe pia. Wapishi nao wasiongeze unga wa ngano kwenye mchuzi ili uwe mzito bila kusema. Walimu wetu wapendwa, mwanafunzi akisema hali chakula fulani kwa amri ya daktari, asiitwe mwenye madaha. Nasi wanafunzi tuache kulazimishana na kuchekana. Kicheko changu kilimlaza mtoto na maumivu.

Jambo moja nawasihi: ukijihisi una dalili hizi, usikimbilie kuacha ngano peke yako. Nenda hospitali kwanza, kwa maana ukiiacha kabla ya kupimwa, kipimo chaweza kukosa kuuona ugonjwa.

Wala msituonee huruma kupita kiasi. Ugali wa mahindi, wali, wimbi, mtama, maharagwe, ndizi, sukuma wiki, vyote ni halali kwa mdogo wangu. Tunachochunga ni unga usagwe kwenye kinu kisichosaga ngano. Nyanya alipoelezwa alicheka akasema, "Kumbe daktari amemrudisha kwa chakula changu!" Krismasi iliyopita tulipika pilau na hakuna aliyeulizia chapati. Mdogo wangu alikula, akaongezwa, kisha akatoka mbio kwenda kucheza mpira. Miaka minne sikuwa nimemwona akikimbia.

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Mimi nimewasha kibatari changu, ndugu msomaji. Nawe mwashie jirani yako.