Mkunjo wa Uso si Maradhi, Lakini Sindano ni Tiba

Limezuka katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki jambo ambalo wengi wetu huku Kagera tungali tukilisikia kwa mbali. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wako watu, wanawake kwa wanaume, wanaolipa fedha nyingi ili wachomwe sindano usoni, ile mistari miwili inayoshuka kutoka pembeni mwa pua hadi pembe za mdomo ipate kujaa na kulainika. Hiyo ndiyo mikunjo ya tabasamu. Kitu kinachochomwa, wenye biashara hiyo hukiita fila, yaani kijazio. Nao huahidi kwamba mteja atatoka pale akiwa ni yule yule, asiweze mtu kutambua kuwa amefanyiwa lolote, ila miaka kadhaa imemwondoka usoni.

Msomaji wa Kayanga, wa Nkwenda, au wa kisiwa cha Goziba aweza kucheka na kufungua ukurasa mwingine. Tunamwomba asifungue. Wilaya ya Karagwe imepakana na Rwanda. Kyerwa, iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, imepakana na Rwanda na Uganda pia. Kinachopendwa Kampala leo hakihitaji muda mrefu kuvuka Mto Kagera pale Murongo, na kikishavuka hushuka hadi Bukoba, kikapakiwa mashuani kwenda Bumbire, Ikuza, Kerebe na Goziba. Kwa hiyo afisa anayekaa Kyerwa amemlinda au amemtupa mkazi wa kisiwani ambaye hajapata kumwona.

Kwanza yafaa kitu chenyewe kijulikane. Mkunjo wa tabasamu hausababishwi na kucheka kupita kiasi, kama wengine wanavyodhani. Kila binadamu huwa nao tangu utoto pindi atabasamupo. Lakini kadiri umri unavyosonga, mafuta yaliyo chini ya ngozi ya shavu hupungua na kuteremka, mfupa wa taya la juu nao hupungua, na zile nyuzi za kolajeni zinazoikaza ngozi huwa chache. Shavu likishapungukiwa, ngozi hulalia kando ya mdomo, na mstari ukabaki hata uso unapotulia. Tumbaku huharakisha jambo hilo, na jua zaidi. Mvuvi na mwanikaji wa dagaa wanapaswa kujua kwamba maji ya ziwa hurudisha sehemu ya miale ya jua, hivyo uso hupigwa kutoka juu na kutoka chini. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, ndiyo maana bibi wa Kinyambo mwenye miaka 60 aghalabu ana paji la uso laini kuliko Mzungu wa umri ule ule. Shavu lake, hata hivyo, hupungua kama la binadamu mwingine yeyote.

Fila zinazotumika sana siku hizi hutengenezwa kwa asidi ya haialuroniki. Hicho ni kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza, na kazi yake mojawapo ni kuvuta maji na kuyahifadhi. Wataalamu wawili, Karl Meyer na John Palmer, walikitambua mjini New York mwaka 1934 ndani ya jicho la ng'ombe. Ng'ombe huyo huyo ndiye aliyetoa pia kolajeni ambayo Marekani iliruhusu ichomwe usoni mwaka 1981. Sisi wa nchi ya ng'ombe hatukujua kwamba mifugo yetu ina thamani hiyo. Desemba 2003 Marekani ikaruhusu fila ya kwanza ya asidi ya haialuroniki, iitwayo Restylane, na iliruhusiwa kwa ajili ya mikunjo hii hii ya pembeni mwa pua. Fila ya namna hiyo haidumu. Kati ya miezi 6 na 18, kwa kadiri ya aina yake na ya mwili wa mtu, huwa imeyeyuka, na mwenye kuitaka hulazimika kulipa upya.

Kuhusu huo uasilia unaosifiwa, haumo ndani ya kichupa. Daktari aliyefundishwa hutumia kiasi kidogo, na mara nyingi hauandami mkunjo wenyewe, bali hurudisha ujazo wa shavu lililo juu yake, ngozi ikainuka na mstari ukapungua bila ya kufutika. Mkunjo ukijazwa mpaka ufutike kabisa, uso huvimba na tabasamu huwa zito. Kazi nzuri hutokana na mkono unaojua kuishia mapema, na mkono huo hupatikana kwa miaka ya masomo ya udaktari, haupatikani kwa semina ya siku mbili hotelini.

Hatuandiki haya ili kumdhihaki anayetaka. Tamaa ya kupendeza haikuletwa na meli. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika katika ikulu ya Rumanyika, Mfalme wa Karagwe, akakuta wake wa nyumba ya kifalme wakinenepeshwa kwa maziwa mpaka wengine hawawezi kusimama, maana unene ndio uliokuwa urembo na heshima ya mwanamke wa daraja lao. Speke alichukua kipimo akampima mmoja wao kiungo kwa kiungo, kisha akayaandika yote kitabuni, kitendo ambacho hata leo hakisomeki bila ya mtu kuona haya kwa niaba yake. Basi wazee wa Karagwe walijaza mwili mzima kwa maziwa, na wajukuu wao wakitamani kujaza shavu hawana dhambi kubwa zaidi. Aliyeunguzwa uso kwa moto, au aliyekondeshwa mashavu na maradhi ya muda mrefu, ana haja ambayo hakuna muungwana atakayeibeza. Tunachogombania ni sindano: nani ameishika, imetoka wapi, na imetumika kwa nani kabla.

Kando ya pua, sambamba na mkunjo huo, hupita mshipa wa damu ambao matawi yake huungana na mishipa ya jicho. Fila ikiingia ndani ya mshipa badala ya kukaa nje yake, damu huzibwa. Ngozi ya pua au ya mdomo huanza kupauka, kuuma, kisha kuwa na madoa ya zambarau, na mwisho hufa na kuoza. Ziba hiyo ikifika jichoni, mtu hupofuka. Haya hutokea kwa nadra, na hata kwa madaktari hodari yametokea, lakini daktari huzitambua dalili palepale, na anayo dawa, haialuronidesi, inayoiyeyusha fila hiyo. Msusi aliyenunua kichupa sokoni hana dawa, wala hajui dalili. Tena kama alichouziwa ni mafuta ya silikoni yaliyobandikwa jina la fila, hakuna dawa itakayokiyeyusha. Ngozi nyeusi nayo ina hatari zake: tundu dogo la sindano laweza kuacha doa jeusi la miezi mingi, na kwa wenye asili ya kuota makovu yaliyovimba, laweza kuacha kovu kubwa kuliko mkunjo uliokusudiwa kuondolewa.

Kagera ina sababu yake yenyewe ya kuiogopa sindano isiyo na mwenyewe. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983. Hakuna kijiji ambacho hakikuzika, na wako watu wazima leo waliolelewa na bibi zao kwa sababu kizazi cha katikati kilitoweka. Katika miaka ile watu walijifunza kwenda zahanati na sindano zao mpya mkononi. Je, somo hilo litasahauliwa kwa sababu safari hii sindano inaingia saluni?

Wanaodhani kwamba tunatia chumvi na wautazame mfano wa Marekani, nchi yenye maabara na wakaguzi wengi kupita sisi. Mjini Albuquerque, katika jimbo la New Mexico, palikuwa na nyumba ya urembo isiyo na leseni, iliyowachoma wateja usoni kwa sindano ndogo ndogo pamoja na damu yao wenyewe iliyochujwa. Haikuwa fila, lakini sindano ni sindano. Ilifungwa mwaka 2018, baada ya mteja mmoja kugundulika kuwa na virusi vya UKIMWI. Wakaguzi walikuta vichupa vya damu visivyo na majina ndani ya jokofu, karibu na chakula. Taarifa ya Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha nchi hiyo, iliyotolewa Aprili 2024, ilieleza kwamba wateja walipata maambukizi humo. Ilikuwa mara ya kwanza njia hiyo kuandikwa rasmi kuwa imeleta UKIMWI.

Sasa tugeukie ofisi zetu. Mpaka mwaka 2019 chakula, dawa, vipodozi na vifaa tiba vilikuwa chini ya chombo kimoja, Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Julai ya mwaka huo kazi iligawanywa: chakula na vipodozi vikaenda Shirika la Viwango (TBS), na dawa na vifaa tiba vikabaki kwa mamlaka iliyopewa jina jipya la TMDA. Mgawanyo huo una hoja zake, lakini fila hukaa juu ya mstari wa mpaka. Mwuzaji huiita kipodozi, kwa sababu huuzwa pamoja na poda na rangi za mdomo, ilhali huingia chini ya ngozi kwa sindano, na Marekani imeiandikisha kuwa ni kifaa tiba. Aliye kwenye kizuizi cha Murongo anapofungua boksi lenye krimu ya zebaki au ya haidrokwinoni, anajua kwamba bidhaa hiyo imepigwa marufuku. Je, akikuta bomba dogo la sindano lenye kitu kama ute, ataliita nani? Tungependa TBS na TMDA waandike maelezo ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, yabandikwe Murongo na Mutukula, yenye kusema wazi kwamba chochote kinachoingia mwilini kwa sindano hakiwi kipodozi hata kikifungwa katika kasha la dhahabu.

Upande wa pili uko mikononi mwa halmashauri zenyewe, nao hauhitaji kungoja Dodoma. Nchi hii ina Sheria ya Leseni za Biashara tangu mwaka 1972, na saluni huhitaji leseni. Leseni ya kusuka nywele haikupata kuwa leseni ya kutibu. Afisa biashara wa Karagwe au wa Kyerwa anaweza kufuatana na mganga mkuu wa wilaya, wakaingia saluni za Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, wakaulizia sindano. Wakizikuta, jambo hilo ni la polisi. Wasipozikuta, watakuwa wamekwisha kumfahamisha kila mwenye saluni kwamba mlango huo una mlinzi. Uingereza, ambako watu wasio madaktari walizoea kuchoma fila kwa uhuru, ilibidi itunge sheria mpya, na tangu tarehe 1 Oktoba 2021 ni kosa kumchoma kwa ajili ya urembo kijana aliye chini ya miaka 18 katika England. Sisi tungali na nafasi ya kuanza kabla ya ajali.

Wala tusijidanganye kwamba mpaka umefungwa. Kwa miaka mingi kahawa ya Karagwe na Kyerwa imekuwa ikitoka kwa magendo usiku kwenda Uganda, licha ya vyama vya ushirika, vizuizi na mikutano ya hadhara. Njia ya panya haina upande mmoja. Pikipiki iliyopeleka magunia hairudi tupu. Rwanda ilipoanza kuzikamata krimu za kujichubua kwa nguvu mwishoni mwa mwaka 2018, ilitufundisha kwamba bidhaa inayofukuzwa upande mmoja wa mto hutafuta soko upande wa pili. Na mkulima anayeuza kahawa ingali maua, ile butura inayolaaniwa kila msimu, si mtu wa kuongezewa deni jipya la kila mwaka kwa ajili ya shavu linaloyeyuka.

Kwa anayeng'ang'ania, njia ya halali ipo, ingawa ni ndefu. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, inatoa huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbile na wa urembo, na kule KCMC Moshi kipo chuo cha magonjwa ya ngozi cha kanda hii ya Afrika tangu mwaka 1992. Anayekwenda huko na aulize jina la dawa, aone pakiti ikifunguliwa mbele yake, na aambiwe nini kitafanyika iwapo ngozi itapauka. Kofia ya ukindu, kivuli cha mchana na kuacha sigara vitamsaidia zaidi kijana wa miaka 25 kuliko kichupa chochote, na havihitaji nauli.

Limebaki swali kwa waganga wakuu wa wilaya, nasi tungefurahi kulichapisha jibu lake katika safu hii. Akiletwa leo mtu aliyechomwa fila uchochoroni, uso umepauka na jicho moja halioni, je, haialuronidesi iko kabatini Nyakahanga? Iko Isingiro? Iko katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba? Kwa jicho huhesabiwa dakika, kwa ngozi huhesabiwa saa, na mashua kutoka Goziba haifiki Bukoba kwa dakika.